Kabla ya "He" na "She": Vielezi Vinavyotangulia Kiwakilishi katika Kiingereza

Kiingereza kina sentensi mbili fupi zinazostahili kumsimamisha mwanafunzi yeyote makini. Ya kwanza ni "Here comes the bus". Ya pili ni "Here it comes". Zote mbili zinatangaza jambo lilelile, kwamba basi hilo linakuja. Kielezi cha mwanzo ni kilekile na kitenzi ni kilekile. Lakini katika ya kwanza kitenzi kimetangulia kiima, na katika ya pili kiima kimerudi mbele ya kitenzi. Ukibadilisha mpangilio, useme "Here the bus comes", utasikika kama mgeni wa lugha. Ukisema "Here comes it", hakuna atakayekubali. Kilichobadilika kati ya sentensi hizo mbili ni kitu kimoja tu: nomino "the bus" imeondoka, kiwakilishi "it" kimechukua nafasi yake.

Vitabu vya sarufi vya shuleni hupanga vielezi kwa maana: vya wakati, vya mahali, vya namna, vya idadi. Mpangilio huo una faida, lakini haulijibu swali la basi, maana "here" ni kielezi cha mahali katika sentensi zote mbili. Jibu liko kwenye kiwakilishi. Hoja yangu ni kwamba hatuwezi kuelewa kielezi kinachoanza sentensi ya Kiingereza mpaka tuulize kiwakilishi kinachokifuata kinafanya kazi gani. Je, kinarejelea tu mtu au kitu ambacho msikilizaji anakijua tayari, au chenyewe ndicho habari? Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu lugha yake hutenganisha kazi hizo mbili waziwazi kila siku.

Tukisema "Jana alikuja", mtendaji amekwisha tajwa na kiambishi a- ndani ya kitenzi. Hatumhitaji "yeye". Tukisema "Jana alikuja yeye", tumeongeza jambo: wengine hawakuja, au alitarajiwa mwingine akaja huyu. Kiambishi hurejelea, na kiwakilishi kamili hukazia. Kiingereza hakina viambishi vya nafsi vya namna hiyo. "He" moja hubebeshwa kazi zote mbili. Anayesikiliza huzitenganisha kwa sauti: "he" ya kawaida hupita haraka bila mkazo, na inapofuata neno jingine h yake mara nyingi humezwa, ilhali "he" ya kutofautisha hutamkwa kwa nguvu. Kwenye maandishi zinafanana kabisa, na hapo ndipo mwanafunzi anayejifunza Kiingereza kwa kusoma hupotea. Katika makala haya, ile ya kawaida nitaiita kiwakilishi chepesi, na ile ya kutofautisha kiwakilishi kizito.

Kiwakilishi chepesi, basi, ni jamaa wa kiambishi chetu cha nafsi. Undugu huo una mpaka. Waingereza husema "He often comes", wakipachika kielezi kati ya kiwakilishi na kitenzi, nasi hatuwezi kuingiza neno lolote kati ya a- na sehemu inayobaki ya "anakuja". Hata hivyo, kwa kazi inayofanya katika mazungumzo, "he" isiyo na mkazo iko karibu zaidi na a- kuliko ilivyo karibu na "yeye".

Tuanze na vielezi visivyosumbua. Vya wakati husimama mbele ya kiwakilishi chepesi bila kubadilisha chochote: "Yesterday she called", "Tomorrow we leave", "Now I understand". Kazi yake hapo ni kuweka uwanja ambamo tukio litaelezwa, kama sisi tunavyosema "Jana alipiga simu" au "Kesho tunaondoka". Vielezi vya marudio huruhusiwa pia, lakini kwa uchaguzi. "Sometimes they forget" ni sentensi ya kila siku. "Usually he walks" na "Often we eat late" hazina shida. "Always he walks" inakwaruza sikio. Mzungumzaji wa leo atasema "He always walks". Nadhani sababu ni kwamba "sometimes" huchota sehemu fulani ya wakati na kuacha nyingine, hivyo inaweza kuwa uwanja wa habari. "Always" haiachi kitu nje. Haina uwanja wa kuuweka, kwa hiyo hubaki karibu na kitenzi inachokielezea. Ukikutana na "always" mbele ya kiwakilishi katika riwaya, fahamu kwamba mwandishi anatafuta sauti ya kishairi. Katika amri, ambapo kiwakilishi hakitajwi, hurudi mbele bila taabu: "Always wash your hands".

Vielezi vya namna hufuata njia tofauti kidogo. Wasimulizi hupenda kuviweka mwanzoni ili msomaji aone tendo taratibu: "Slowly she opened the door", "Carefully he lifted the child". Hapo kielezi kinaandaa hali ya tukio zima kabla ya mtendaji kutajwa. Lakini si kila kielezi cha namna kinakubali. Hakuna anayesema "Well she sings" akimaanisha kwamba anaimba vizuri, wala "Fast he drives" katika mazungumzo ya kawaida. Vielezi hivi vifupi huwa ndiyo habari yenyewe ya sentensi. Tunaposema fulani anaimba vizuri, jambo jipya ni huo uzuri wa uimbaji, na Kiingereza hupenda kuliacha jambo jipya mwisho, kwenye mkazo. Kanuni hiyo ya mambo mapya kukaa mwisho itatufuata hadi tumalize.

Kuna pia vielezi vinavyotoa maoni ya msemaji kuhusu sentensi nzima: "Fortunately, they survived", "Frankly, I disagree", "Clearly, he knows". Koma ya kwenye maandishi inawakilisha mtuo mdogo wa sauti, na mtuo huo unaweza kuwa na uzito. "Clearly, she saw the thief" maana yake ni kwamba hapana shaka alimwona mwizi. "She saw the thief clearly" maana yake ni kwamba macho yake yalimwona vizuri, bila kiwi. Neno moja limehama kutoka mwisho wa sentensi hadi mbele ya kiwakilishi, likaacha kueleza macho likaeleza uhakika wa msemaji. Ugomvi maarufu zaidi katika kundi hili ulihusu "hopefully". Kwa miaka mingi walinzi wa lugha nchini Marekani walikataza "Hopefully, he will come" kwa maana ya "natumaini atakuja", wakisisitiza kwamba neno hilo lieleze tu mtu afanyaye jambo akiwa na matumaini. Mwaka 2012 mwongozo wa uandishi wa shirika la habari la Associated Press ulikubali matumizi yaliyokuwa yakipingwa. Mimi naona walichelewa. Hakuna aliyewahi kukataza "fortunately" kwa hoja ileile.

Sasa tufike kwa vielezi vinavyogusa kiwakilishi chenyewe. "Only she knows." "Even he came." Hapa "only" na "even" haziwekei sentensi uwanja, wala si maoni kuhusu sentensi nzima. Zimemshika mtu. Jaribu kuzifasiri na utaona jinsi Kiswahili kinavyofichua siri. "Sometimes she knows" inakuwa "mara nyingine anajua", bila "yeye". "Only she knows" haiwezi kuwa "tu anajua". Ni lazima "yeye tu ndiye anayejua", au "anajua yeye peke yake". "Even he came" ni "hata yeye alikuja". Kiwakilishi kizito kimejitokeza, kwa sababu mtu mwenyewe ndiye habari. Mwanafunzi anayejiuliza kama kielezi kilichotangulia "he" kinahusu tukio au kinahusu mtu ana kipimo ndani ya lugha yake: akilazimika kutaja "yeye", kielezi hicho kimemshika mtu.

Turudi kwenye basi. Kundi la vielezi vya mahali na mwelekeo ndilo lenye utajiri mkubwa zaidi: "here", "there", "up", "down", "in", "out", "off", "away". Vyote hupenda kuruka mbele sentensi inapotaka kuonyesha mwendo, na vyote huuliza swali lilelile kuhusu kiima. Kama kiima ni nomino, kitenzi hukitangulia: "Down came the rain", "In walked the headmaster", "Off went the children". Kama ni kiwakilishi chepesi, kiima hubaki mahali pake: "Down it came", "In he walked", "Off they went". Mtangazaji wa mpira husema "Here he comes!" mchezaji ambaye wote wanamwangalia anapoingia uwanjani, lakini kama mchezaji huyo hajatajwa bado, atasema "Here comes" kisha jina lake.

Mwaka 1994 mwanaisimu Betty Birner alichapisha katika jarida la Language uchambuzi wa sentensi za Kiingereza ambazo kiima chake kimesukumwa nyuma ya kitenzi. Alionyesha kwamba kinachotangulizwa hakiruhusiwi kuwa kigeni zaidi katika mazungumzo kuliko kile kinachoachwa mwisho. Kwa lugha nyepesi: sentensi hizi hutoka kwenye jambo linalojulikana kwenda kwenye jambo jipya. Mvua, mwalimu mkuu na watoto wanaweza kuwa wapya. "It", "he" na "they" nyepesi haziwezi, kwa maana kazi yake ni kurejelea kilichokwisha fahamika. Kuziweka mwisho wa sentensi, mahali ambapo msikilizaji anangoja habari, ni kumnyima anachokingoja. Ndiyo maana "Down came it" inaumiza sikio. Hakuna kosa la kisarufi la upatanisho humo, ila mahali pa habari pamekaliwa na kitu kisichobeba habari.

Kiswahili kina muundo unaofanana na huu kwa namna ya ajabu, na sielewi kwa nini hautumiwi zaidi katika kufundisha. Tunasema "Wageni wamekuja nyumbani", lakini pia tunasema "Nyumbani kumekuja wageni". Tunasema "Chumbani mmeingia nyoka", "Mezani pamewekwa chakula". Mahali pametangulia, kitenzi kimechukua kiambishi cha mahali ku-, m- au pa-, na mgeni, nyoka au chakula vimeachwa mwisho kama habari mpya. Sasa tuseme nyoka huyo tulikuwa tunamzungumzia tayari. Hatutasema "Chumbani mmeingia yeye". Tutasema "Ameingia chumbani", au "Chumbani ameingia", na kiambishi a- kitatosha. Kiingereza kinafanya hivyohivyo: "Into the room came a snake", lakini "Into the room it came". Lugha hizi hazina undugu wa asili, moja ni ya Kibantu na nyingine ni ya Kigermanik, lakini zote mbili zinakataa kumweka mwishoni mtu au kitu kilichozoeleka na kukiita habari.

Kuna jambo dogo la kuongeza kuhusu "here" na "there". Katika "Here he comes" Kiingereza kinatumia kitenzi cha wakati uliopo sahili, ingawa tendo linaendelea mbele ya macho. "Here he is coming" haisemwi kwa maana hiyo. Sisi husema "Huyo anakuja!" kwa kidole na kwa macho, tukitumia kionyeshi. "There she is" ndiyo "Yule pale!" yetu. Anayezifasiri sentensi hizi neno kwa neno, "hapa anakuja", amepoteza tendo la kuonyesha ambalo ndilo roho yake.

Mambo yanageuka tunapofika kwenye vielezi vya ukanushi: "never", "rarely", "seldom", "hardly", "no sooner", "at no time", "not only". Hapa kiwakilishi hakiponi. "I have never seen such a crowd" ikianza na kielezi, inakuwa "Never have I seen such a crowd". "She rarely complains" inakuwa "Rarely does she complain". "We had hardly sat down when the lights went out" inakuwa "Hardly had we sat down when the lights went out". Kitenzi kisaidizi kimeruka mbele ya kiwakilishi, na pale ambapo hakikuwapo, Kiingereza kimeleta "do", "does" au "did" kushika nafasi. Katika mitihani ya sekondari nchini Kenya na Tanzania, swali la kuandika upya sentensi kwa kuanza na neno lililotolewa ni la kawaida, na "Hardly" na "No sooner" ni wageni wa kudumu humo. Kosa linalorudiwa ni "Never I have seen" na "Hardly we had sat down", yaani kielezi cha ukanushi kutendewa kana kwamba ni "yesterday".

Mwanafunzi ana haki ya kuuliza: kama kiwakilishi chepesi hukataa kusukumwa nyuma ya kitenzi katika "Down came it", kwa nini hapa kinakubali? Tazama ni kitenzi gani kilichosogea. Katika "Down came the rain" ni kitenzi kikuu, na kiima kimebaki mwisho kabisa, kwenye kiti cha habari. Katika "Never have I seen such a crowd" ni kisaidizi tu kilichopanda mbele. Kiwakilishi kimekaa katikati, kikiwa bado kinatangulia kitenzi kikuu "seen", na habari, yaani umati ule, iko mwisho inapostahili. Kiwakilishi chepesi hakikuchukizwa na kutanguliwa na neno lolote. Kinachokikataa ni kuachwa mwisho bila cha kusema. Tukishalielewa hilo, kanuni mbili zilizoonekana kugombana zinakuwa moja.

Ila si kila neno lenye sura ya ukanushi hufanya kazi hii, na hapa Kiingereza kina tofauti nzuri mno. Linganisha "At no time did they stop" na "In no time they stopped". Zote zina "no time" mbele ya kiwakilishi. Ya kwanza inasema hawakusimama hata mara moja. Ya pili inasema walisimama upesi sana. Edward Klima, katika utafiti wake wa mwaka 1964 kuhusu ukanushi wa Kiingereza, ndiye aliyeweka msingi wa kutenganisha ukanushi wa sentensi nzima na ukanushi unaoishia ndani ya kirai kimoja. "At no time" hukanusha sentensi nzima, kwa hiyo kisaidizi huruka. "In no time" hukanusha urefu wa muda tu. Tendo la kusimama lilitokea, kwa hiyo kiima na kitenzi hubaki mahali pake. Ukitaka kuhakikisha, ongeza swali dogo la mwisho: "At no time did they stop, did they?" lakini "In no time they stopped, didn't they?" Mkia wa sentensi unakuambia kama sentensi ni kanushi au la.

Tofauti hiyo inaweza kugeuza maana ya maneno yaleyale. "With no money she could live happily" ina maana kwamba hata asipokuwa na pesa angeweza kuishi kwa raha. "With no money could she live happily" inadai kwamba hakuna kiasi cha pesa kitakachompa raha. Maneno ni yaleyale saba, na nafasi ya "she" na "could" ndiyo imebeba maana yote. Kwetu sisi suala hili halizuki namna hiyo, kwa sababu Kiswahili hukanusha ndani ya kitenzi. "Kamwe" peke yake haikanushi. Tunasema "sijaona kamwe", na bila si- sentensi imeharibika. Ndiyo maana baadhi ya wanafunzi wetu huandika "Never I have not seen", wakitafuta mahali pa kuweka ile si- yao. Wanafuata sarufi halisi, ila ni sarufi ya nyumbani.

"Only" inaingia katika kundi hili inapofuatwa na neno la wakati au mahali, na tena maana hugawanyika. "Only yesterday I met her" ni kama kusema "Jana tu nilikutana naye", yaani si zamani. "Only yesterday did I meet her" ni "Ni jana ndipo nilipokutana naye", yaani kabla ya jana nilikuwa sijakutana naye. Ukanushi uliojificha ndio unaomwita "did". Na tazama jinsi Kiswahili nacho kinavyobadilisha umbo la kitenzi baada ya "ndipo": si "ndipo nilikutana" katika lugha iliyopangwa vizuri, ni "ndipo nilipokutana". "Only then did I understand" ni "Hapo ndipo nilipoelewa". Kiingereza husogeza kisaidizi, Kiswahili huongeza -po-. Kila moja inaweka alama kwenye kitenzi kuonyesha kwamba kielezi cha mbele kimebeba uzito usio wa kawaida.

Ushahidi ulionishawishi kuliko wote ni wa neno dogo "so". Mtu anasema "Asha speaks French". Mwingine anajibu "So do I". Kielezi mbele, kisaidizi, kisha kiwakilishi kimeachwa mwisho kabisa, na hakuna anayelalamika. Kwa nini "I" imeruhusiwa kukaa mwisho hapa? Kwa sababu ni nzito. Habari ya jibu ni kwamba mimi, mtu ambaye hajatajwa, naingia pamoja na Asha. Kiswahili husema "Mimi pia", na "mimi" haiwezi kuachwa. Sasa badilisha mazungumzo. Mtu anasema "You promised to come". Jibu ni "So I did", yaani "Kweli, niliahidi". Hapa "I" ni nyepesi, imekwisha tajwa kwa "you", na imebaki mbele ya kisaidizi. Uzito uko kwenye "did". Kiswahili kinatumia ni- tupu. Kielezi ni kilekile, kiwakilishi ni kilekile, mpangilio umegeuka, na uchaguzi wetu kati ya "mimi" na ni- unaonyesha sababu yake. Mwalimu anayeandika sentensi hizi mbili ubaoni pamoja na tafsiri zake atakuwa amefundisha nusu ya makala haya kwa dakika chache.

Historia nayo inasaidia. Kiingereza cha kale, kilichotumika takriban kati ya karne ya 5 na ya 11, kilikuwa na tabia inayofanana kwa sehemu na ile ya Kijerumani cha leo, ambamo kitenzi hupenda nafasi ya pili. Mjerumani husema "Heute kommt er", yaani "leo anakuja", na kiwakilishi hufuata kitenzi bila kujali wepesi wake. Lakini Kiingereza cha kale hakikuwa sare hivyo. Baada ya vielezi vichache, hasa "þa" iliyo sawa na "ndipo" ya wasimulizi wetu, kitenzi kilitangulia kila kiima, nomino au kiwakilishi. Baada ya maneno mengine mengi yaliyowekwa mbele, kiima cha nomino kilikwenda nyuma ya kitenzi, ilhali kiwakilishi kilibaki mbele yake. Wataalamu kama Ans van Kemenade, katika kitabu chake cha mwaka 1987, walilichunguza jambo hilo kwa kina. Mwaka 1997 Anthony Kroch na Ann Taylor walitoa hoja kwamba lahaja za kaskazini mwa Uingereza, ambako watu wa Skandinavia walikuwa wamehamia, ziligeuza kitenzi hata kwa viwakilishi, tofauti na zile za kusini. Sidai kwamba "Here it comes" imerithiwa moja kwa moja kutoka enzi hizo. Ninachosema ni kwamba hata zaidi ya miaka elfu moja iliyopita lugha hiyo ilikuwa ikivipa viwakilishi sheria yake vyenyewe.

Mpangilio wa zamani ulififia taratibu mwishoni mwa Zama za Kati, na "do" ya usaidizi ikaenea kati ya karne ya 15 na ya 17, kama Alvar Ellegård alivyoonyesha katika kazi yake ya mwaka 1953. Mwingereza wa kale angeweza kuweka kitenzi kikuu chochote mbele ya kiwakilishi. Wa leo anahitaji kisaidizi. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina sentensi nyingi ambamo kiwakilishi hufuata kitenzi kikuu, na hata leo "said the teacher" ni Kiingereza hai katika kusimulia mazungumzo, ilhali "said he" inanukia vitabu vya zamani. Ni kanuni ileile ya nomino na kiwakilishi chepesi.

Linabaki suala la mahali pa kuvitumia. "Sometimes I" na "Tomorrow we" ni za kila mahali, sokoni na mahakamani. "In he walked" ni ya usimulizi, na ikiingia katika ripoti ya kikao itashangaza. "Never have I" na "Rarely does she" ni za hotuba, tahariri na barua rasmi. Mtu akizitumia katika kila aya ya insha, msomaji atahisi anapigiwa kelele. Kuna wanafunzi hodari ambao, wakishajua kugeuza sentensi kwa "Hardly" na "No sooner", huzitapanya kwa sababu mtihani umewazoesha kuziona kama alama ya ufasaha. Mtahini aliyewafundisha kugeuza hakuwafundisha ni lini wasigeuze. "I had hardly sat down when he called" ni Kiingereza kizuri sana kwa barua ya rafiki, na "Hardly had I" inafaa pale tu ambapo mwandishi anataka msomaji asikie ukanushi kabla hajajua ni nani anayesemwa.